Nani Atamsemea Kuchakulo?

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika nusu. Watoto wameitika, wakubwa wamenyamaza kama hadithi haiwahusu. Inawahusu. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, zamani ambayo hata waliotusimulia walisimuliwa, nyika ilikuwa na njia mbili za kwenda bwawani. Njia moja ilikuwa pana. Ilizunguka kichuguu, ikapita kwenye mawe, ikashuka taratibu hadi majini. Hiyo ilikuwa njia ya wakubwa: ndovu, nyati, twiga, kifaru. Njia ya pili ilikuwa nyembamba. Ilikata vichakani moja kwa moja. Hiyo ilikuwa njia ya wadogo. Mkubwa hapiti njia ya wadogo. Mdogo akipita njia ya wakubwa, likimpata la kumpata hana wa kumlaumu. Sheria ilikuwa hiyo, na kila mnyama aliijua kabla hajaota meno.

Basi alikuwako Bi Kuchakulo. Kuchakulo ni yule mnyama mdogo wa mkia wa manyoya, anayechimba shimo lake ardhini na kuweka akiba ya mbegu. Huyu wetu alikuwa na watoto watatu na shangazi mmoja. Tena alikuwa na wasiwasi. Alipenda kila kitu kikae mahali pake. Mbegu ndefu upande huu wa ghala, mbegu za mviringo upande ule. Akikuta ya mviringo imelala na zile ndefu, siku yake imeharibika.

Asubuhi moja, kiangazi kikikaribia, Bi Kuchakulo alikuwa anarudi nyumbani kwa njia ya wadogo, mashavu yamejaa mbegu. Katikati ya njia akaingiwa na shaka. Je, amezichanganya? Akasimama. Akazitema. Tu, tu, tu. Akaanza kuzipanga palepale njiani, mgongo kakipa kichaka. Hii ndefu. Hii ya mviringo. Hii ndefu.

Ndi! Ndi! Ndi!

Alikuwa Kifaru. Alitaka kugaagaa kwenye tope kabla jua halijalikausha. Akaitazama njia ya wakubwa, akaona inazunguka mno. Akakata vichakani. Ndi! Ndi! Bi Kuchakulo akageuka. Akaruka. Alichelewa kidogo tu.

Katii!

Mguu wa nyuma, wa kulia. Kifaru hakusimama. Alikwenda akagaagaa, akarudi kwao kwa njia pana kama mtu mwema.

Wadogo wakamkuta Bi Kuchakulo amelala na mbegu zake. Wakambeba hadi shimoni. Na kuanzia hapo hakuna aliyekanyaga tena pale mahali. Wadogo walikuwa na desturi yao: penye damu hapapitwi siku mbili. Asubuhi ya tatu ndugu wa aliyeumia wanakwenda kupafagia kwa mikia yao, fyagu, fyagu, mpaka mchanga unakuwa kama haukuguswa na mtu. Walisema pasipofagiwa, uchungu hubaki njiani ukimngoja mwingine.

Na nyika nzima ilikuwa na sheria ya majeraha. Aliyemvunja mwenzake kwa kosa atamlisha na kumnywesha, yeye na watoto wake, mpaka apone. Asipopona, atamlisha maisha yake yote. Lakini kosa lazima lionekane barazani, mbele ya Bibi Ndovu. Na mwenye jeraha haruhusiwi kusema barazani hata neno moja, kwa maana maumivu hukuza mambo. Anasemewa na wakili. Ukishamchagua wakili, unang'oa unywele mmoja wa mkia wako, unampa. Basi. Atakalosema, umelisema wewe. Atakalokubali, umelikubali wewe. Unywele wa pili hakuna.

Baraza lilipangwa siku ya tano.

Bi Kuchakulo akalala shimoni, akihesabu. Ghala halijafika nusu. Mguu hauchimbi. Kiangazi kinakuja. Watoto ni watatu. Alihesabu mara ya pili, ikaja vilevile.

Jua halijafika utosini, kivuli kikapita juu ya shimo. Pwaa, pwaa, pwaa. Alikuwa Bwana Tumbusi, ndege wa shingo tupu, aliye wa kwanza kufika palipo na jeraha.

"Pole, mama! Pole sana!" alisema Tumbusi. "Nimekuona kutoka juu, nikasema, huyu dada yangu hawezi kuachwa hivihivi."

"Asante, Bwana Tumbusi. Nani amekuita?"

"Huruma imeniita, mama. Kifaru nitamliza. Umenisikia? Nitamliza mpaka pembe ilowe. Utaletewa mbegu mpaka useme basi. Wewe usijisumbue na lolote. Lala. Nipe unywele tu."

Shangazi Kuchakulo alikuwa amekaa kando, ameukunja mkia wake mkubwa mapajani. Akafurahi. "Mwanangu, umesikia? Usijisumbue na lolote! Mpe."

Bi Kuchakulo alishika unywele. Lakini wasiwasi wake haukumruhusu kuung'oa. "Na wewe utachukua nini?"

"Tukishinda, nusu ya kitakacholetwa."

"Tukishindwa?"

"Tukishindwa sitakudai kitu!" alisema Tumbusi, akatandaza mabawa. "Hata punje moja. Nitangoja tu." Akautazama mguu. Akamtazama mwenye mguu. Akameza mate.

Bi Kuchakulo aliachia unywele wake. Hakupenda yale mate.

"Nipe muda nifikiri," alisema.

"Fikiri, mama, fikiri. Mimi niko hapo juu nazunguka."

"Kesho kutwa tunafagia njia," Shangazi alimweleza. "Tukimaliza tutakuita."

"Fagieni, fagieni," alisema Tumbusi. "Usafi ni jambo zuri." Pwaa, pwaa, akapaa.

Siku ya pili Shangazi alitafuta gome la mti, wakamlaza Bi Kuchakulo juu yake, wakamburuta. Kwaruu, kwaruu. Walikwenda kwenye mti mrefu kuliko yote, kwa Bwana Mbega. Huyu Mbega alikuwa kima wa heshima, vazi lake jeusi na jeupe, ndevu zimechanwa. Nyika yote ilisema, ukitaka wakili, Mbega. Kesi za matawi alikuwa hajashindwa hata moja. Nani alale tawi gani, nani ale matunda ya upande gani, hayo alikuwa nayo kichwani.

"Hodi, Bwana Mbega!"

"Karibuni. Kaeni hapohapo chini," ilisema sauti kutoka juu.

"Kifaru amenivunja mguu."

"Inua nione."

Bi Kuchakulo alijaribu kuinua. Machozi yakamtoka. Mbega aliinamisha kichwa, akakunja jicho moja.

"Naona. Naona kitu. Ni mguu wa nyuma?"

"Ndiyo."

"Tawi gani?"

"Si tawini, bwana. Ni chini. Njiani."

"Aa, chini," alisema Mbega, kama mtu aliyetajiwa nchi ya mbali. "Sawa. Chini nako kuna sheria, nadhani. Utaacha unywele hapo penye shina. Siku ya baraza nitasema kutoka hapa, sauti yangu inafika."

"Hutakuja kupaona nilipoumia?"

Wadogo waliokuwa wakipita wakacheka. Sungura mmoja akasema, "Bi Kuchakulo anataka Mbega ashuke! Kesho atamwambia samaki apande!"

"Binti," alisema Mbega kwa upole, "mimi sijashuka tangu nizaliwe."

Kwaruu, kwaruu, wakarudi. Shangazi alikuwa amenuna. "Tumbusi humtaki, Mbega humtaki. Unataka nani, mwezi?"

"Shangazi, kule juu haoni hata ni mguu upi."

"Lakini umeona vazi lile?"

Njiani wakakutana na Kanga, bawa lake moja limepinda. Mwaka uliopita Nyani alimkalia akiwa kwenye mayai. Bi Kuchakulo akamwuliza, "Dada Kanga, wewe ulisemewa na nani?"

"Karunguyeye."

"Yule wa miiba?" Shangazi alishangaa. "Yule anayejikunja ukimsalimia?"

"Huyohuyo," alisema Kanga. "Aliniliza kwa maswali mara mbili. Nikamchukia. Lakini Nyani ananiletea mtama mpaka leo, na huuweka chini polepole, tena kwa adabu. Mwulizeni Nyani mwenyewe kama mnaona naongeza chumvi."

Karunguyeye alikuwa chini ya gogo, anakula mchwa. Alikuwa mdogo kuliko walivyodhani. Hakusema pole. Alikuja karibu akaunusa mguu, akaugusa kwa pua mfupa ulipovunjika, akazunguka nyuma, akaugusa tena.

"Huu hautarudi kama ulivyokuwa," alisema. "Utatembea. Kuruka hutaruka."

Shangazi aliruka yeye. "We mwenye miiba! Ndiyo maneno ya kumwambia mgonjwa hayo?"

"Ndiyo yaliyopo, shangazi. Bi Kuchakulo, ulikuwa njia ipi?"

"Ya wadogo."

"Unakwenda au umesimama?"

Bi Kuchakulo alitazama kando.

"Nimekuuliza."

"Nilikuwa... nimesimama kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Nimekaa."

"Unafanya nini?"

"Mbona unaniuliza kama wakili wa Kifaru?" alifoka Bi Kuchakulo. "Mimi ndiye niliyeumia!"

"Wakili wa Kifaru atauliza mbele ya watu. Mimi nakuuliza chini ya gogo. Ulikuwa unafanya nini?"

Bi Kuchakulo alijifunika uso kwa mkia. Humo ndani ya mkia akasema, "Nilikuwa napanga mbegu. Mgongo nimekipa kichaka. Sikutazama nyuma. Pengine ningetazama, ningeruka mapema." Alikuwa hajamwambia mtu. Hata Shangazi.

Karunguyeye akauliza, "Mmeshafagia?"

"Tunafagia kesho asubuhi," alijibu Shangazi.

"Msifagie."

"Unasemaje?"

"Baraza linasikiliza maneno ya kila mtu, lakini hukumu hutolewa kwa unyayo. Kifaru ana vidole vitatu vipana, mnyama mwingine wa kumfanana hayupo nyika hii. Unyayo wake uko katikati ya njia yenu, na nyinyi kesho mtakwenda kuufuta kwa mikia yenu wenyewe."

Shangazi alisimama. Mkia wake ulikuwa umevimba kama kichaka. "Tangu bibi wa bibi yangu, hakuna ukoo ulioacha damu yake njiani! Uchungu utabaki pale. Utamdaka mtoto wa mtu. Watu watasema ukoo wa Kuchakulo haufagii!"

"Watasema," alikubali Karunguyeye.

"Tumbusi ametuambia tufagie!"

"Najua. Tumbusi hajawahi kumwambia mtu asifagie."

Wote wawili wakamtazama Bi Kuchakulo. Maisha yake yote hakuwahi kuacha kitu kichafu hadi siku ya pili, sembuse damu yake mwenyewe.

"Utachukua nini?" aliuliza taratibu.

"Kifaru akileta chakula kila siku, ataacha mavi njia panda. Mavi huja na wadudu. Wadudu hao ni wangu."

"Na tukishindwa?"

"Nitalala njaa na wewe. Na sikuahidi kwamba tutashinda. Unyayo ukiwepo, tuna la kusema. Usipokuwepo, sina."

Bi Kuchakulo alingoja asikie neno la kumtuliza. Halikuja. Akashika unywele mmoja wa mkia wake, akafumba macho. Nyofu! Akautoa.

Asubuhi ya tatu ukoo ulifika na mikia yao. Shangazi alikuwa mbele, amefunga midomo. Walifagia upande huu, fyagu, fyagu. Walifagia upande ule, fyagu, fyagu. Katikati palikuwa na rundo la majani makavu, na juu ya majani Karunguyeye amejikunja, miiba yote nje. Shangazi alimzunguka mara tatu kwa hasira. Lakini hakumgusa. Nani amguse yule?

Mchana akaja Tumbusi, anatembea kwa miguu. Mlishawahi kumwona tumbusi anatembea? Anayumba kama aliyevaa viatu vya mtu.

"Napita tu," alisema.

"Una mabawa," ilisema miiba. "Pita juu."

"Njia ni ya wote."

"Njia ni ya wadogo. Umeshaanza kusahau, na baraza bado siku mbili."

Tumbusi akasogeza ukucha mmoja kwenye majani. Akaurudisha upesi. "Aii!" Akapaa, anachechemea hewani.

Siku mbili Karunguyeye hakula. Umande ulimlowesha, jua likamkausha.

Siku ya tano baraza likakaa. Bibi Ndovu alikuja, masikio mapana, hatua nzito, kwa njia ya wakubwa. Wadogo wakakaa huku, wakubwa wakakaa kule. Bi Kuchakulo alilazwa mbele juu ya gome lake. Kifaru akasimama, tope limemkaukia mgongoni. Na begani mwake alikuwa amesimama wakili wake, unywele mweusi wa Kifaru mdomoni.

Ndiyo. Tumbusi.

"Bibi Ndovu," alianza Tumbusi, "mteja wangu ana macho mabovu. Jambo hilo nyika yote inalijua. Alikuwa anapita njia yake pana, kwa amani. Huyu mama, tunampa pole, alikuwa njia ya wakubwa anaokota mbegu. Nimeyaona mwenyewe kutoka juu."

Wadogo wakaguna, "Mmmh!"

Bi Kuchakulo alifungua mdomo. Karunguyeye akamgusa kwa mwiba mmoja. Akaufunga.

"Twende njiani," alisema Karunguyeye.

Walikwenda. Wakubwa wakasimama penye kichuguu, Bibi Ndovu akaingiza mkonga wake tu katika njia ya wadogo. Karunguyeye alitoa jani moja. Akatoa la pili. Hakuwa na haraka. Jani la mwisho lilipoondoka, mchanga ulikuwa umekaa kama siku ile. Vidole vitatu vipana. Kando ya kidole cha kati, doa jeusi la damu. Chini ya kisigino, mbegu ndefu moja na ya mviringo moja, zimezama pamoja.

Mkonga ulipita juu ya unyayo. Ukanusa. Fuuu. Ukaelekea kwa Kifaru. Ukamnusa mguu. Fuuu.

Tumbusi alikuwa mwepesi. "Haya, tuseme alipita hapa. Lakini mwulizeni wakili, huyu mama alikuwa anafanya nini! Alikuwa amekaa chini, katikati ya njia, amegeuza mgongo, anacheza na mbegu! Anayekaa njiani amejivunja mwenyewe!"

Wakubwa wakaanza kutikisa vichwa.

"Ni kweli," alisema Karunguyeye.

Vichwa vikaacha kutikisika.

"Ni kweli, Bibi Ndovu. Alikuwa amekaa. Mgongo amekipa kichaka. Alikuwa anapanga mbegu zake, ndefu kwa ndefu, mviringo kwa mviringo. Hakutazama nyuma. Na njia hii ilitengwa ili mdogo aweze kukaa, ageuze mgongo, apange mbegu zake, asitazame nyuma. Kama mdogo lazima atazame nyuma hata hapa, basi njia ya wadogo haipo, na Bibi atuambie leo tujue."

Bibi Ndovu akasema, "Ipo."

Hukumu ikawa hiyo. Kifaru atamlisha Bi Kuchakulo na watoto wake watatu, na atawaletea maji, mpaka siku atakayoweza kuchimba na kuruka. Kifaru akauliza kwa unyonge, "Na nitabebaje maji, Bibi?" Bibi Ndovu akamwambia, "Hilo mwulize wakili wako." Kifaru aligeuza shingo. Begani hapakuwa na mtu. Kivuli kilikuwa kinazunguka mbali huko, juu ya jeraha jingine.

Siku ileile Shangazi alifagia pale katikati, peke yake, fyagu, fyagu, mpaka jua likazama. Akamwambia Karunguyeye, "Sikusamehe." Kisha akamwachia mchwa wachache juu ya jani.

Mguu ulipona umepinda. Bi Kuchakulo alitembea, kichi-kichi, kichi-kichi. Hakuruka tena. Kila asubuhi Kifaru alifika njia panda, akasimama palepale inapoanzia njia nyembamba, kibuyu kikubwa cha maji kimetundikwa kwenye pembe yake, matawi ya mbegu mdomoni, akasema, "Hodi." Mnyama mzito vile. Hakuthubutu kuweka hata ukucha ndani mpaka sauti ndogo ijibu kutoka shimoni, "Ngoja hapohapo. Nakuja mwenyewe."

Basi wanangu, na nyinyi wakubwa mnaojifanya mmelala: ukiumizwa ukataka wa kukusemea, usimchague kwa kuwa amekuwa wa kwanza kufika, wala kwa kuwa amekaa juu na vazi limempendeza. Mchague anayekwenda kupaona ulipoumia kabla hapajafutwa, anayekuuliza faraghani lile usilotaka kuulizwa hadharani, na asiyekuahidi kisichokuwa mkononi mwake.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye nyingine ndiye atakayetuitisha sasa.